Kilo Nilizoandika Bila Kuziona

Nianze na ujinga wangu, niutoe njiani kabla mtu mwingine hajanitolea. Kwa miezi mingi, katika kitengo cha figo nilikokuwa mhudumu, niliandika kitabuni kilo za wagonjwa ambazo sikuwa nimeziona. Mizani ilikuwa mbele yangu. Mgonjwa alikuwa amesimama juu yake. Kalamu nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni miwani, na miwani yangu ilikuwa nyumbani Njiru, ndani ya kabati la sebuleni, imelala kando ya vikombe vya wageni.

Mke wangu Wangeci ndiye aliyeiweka huko mara ya kwanza ili isikaliwe. Mimi niliona imetulia vizuri nikaiacha. Nilijiambia kitu kizuri hakibebwi ovyo. Ukweli ni kwamba siku moja niliivaa kazini, vijana wakaniita Guka, yaani babu, na mimi wakati huo nilikuwa najihesabu bado kijana, ila kijana aliyechoka kidogo.

Kwa hiyo ninyi mnaoshika mizani ile sasa, mliponiambia kwenye chai ya kuniaga kwamba niwaandikie yale niliyojifunza, mlidhani mtapata hekima. Hekima kama ipo itakuja nyuma. Kwanza mpate hii.

Nilikuja kitengo cha figo kutoka chumba cha kufulia, hapo hapo hospitalini. Kazi ya kufua niliipenda. Shuka haiulizi maswali, na jioni unaikunja unaenda nyumbani. Mimi ni mtu wa nyumbani, hilo mnalijua. Siku za mapumziko mlikuwa mkinitafuta kwa simu mnanikuta pale pale, kwenye kiti kile kile, nikichambua maharagwe. Sasa nikaambiwa kuna upungufu wa watu kule kwa figo, niende. Nikaingia asubuhi, nikaona watu wameketi kwenye viti vya kuegemea, kila mmoja ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa mirija miwili, damu inatoka mwilini na kurudi mchana kweupe. Nikatafuta mahali pa kukaa haraka. Nilikalia pipa la taka. Lilikuwa na mfuniko, kwa hivyo heshima ilibaki nusu.

Aliyenikuta hapo ni Sista Mueni, muuguzi mkuu wa kitengo, mama mfupi mwenye mwendo wa mtu aliyeacha maziwa motoni.

"Wewe ndiye umetoka kwa nguo?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi sikiliza. Hapa usiangalie damu. Damu ina mashine ya kuiangalia. Wewe angalia uso wa mtu."

Kila nilichojua kuhusu kazi hii baadaye kilianzia hapo kwenye pipa. Alinifundisha kwamba figo zikishindwa, maji mtu anayokunywa hayana mlango wa kutokea, yanabaki mwilini. Ndiyo sababu mgonjwa anapimwa kilo kabla ya mashine na baada ya mashine. Kila mmoja ana uzito wake mkavu, yaani kilo zake akiwa hana maji ya ziada. Akija amezidi kilo tatu, mashine inaambiwa itoe tatu. Ukiiambia uongo itautii uongo wako bila kubisha. Mashine haina ubishi, tofauti na Sista.

Akanifundisha pia kusoma nyuso. Kope zikivimba asubuhi kama maandazi, maji yamezidi. Midomo ikipauka, angalia presha. Mtu akianza kupiga miayo katikati ya mashine na hana usingizi, kimbia ukaite muuguzi, presha inashuka. Niliyashika yote hayo. Nikaanza kujiona daktari.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Akinyi, mfanyabiashara wa mitumba, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kila alipokuja. Nikajua analia. Nikawa namletea karatasi ya kupangusia, namwinamia, namwambia Mungu yupo, hakuna jaribu lisilo na mwisho. Nilifanya hivyo wiki tatu. Wiki ya nne akanitazama akasema, "Baba Shiru, asante kwa maombi, lakini mimi silii. Macho yananiwasha."

Nikaenda kumuuliza Sista. Akaniambia figo zikikosa kufanya kazi kuna madini yanayobaki kwenye damu, na mengine yanaenda kukaa pale kwenye weupe wa jicho, yanakwaruza kama vumbi la Kangundo Road. Wengine macho yanakauka tu, machozi yenyewe hayatoshi. Kumbe mwanamke nimemhubiria madini. Daktari akambadilishia dawa zake, akapewa na matone ya kulainisha, weupe ukarudi. Mimi nikapewa jina la Pasta, likadumu kuliko wekundu.

Nasema haya ili mwone kwamba macho ya wagonjwa wetu tulikuwa tunayaangalia sana. Tuliangalia kope, wekundu, uvimbe. Jambo moja halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote: kuuliza kama macho hayo yanatuona.

Sasa mizani. Yetu ilikuwa ya mshale, yenye uso wa mviringo na vistari vidogo vimesongamana kama siafu. Mwanzoni niliisoma vizuri. Miaka ikaenda, vistari vikaanza kushikana mikono. Mtu mwenye akili angetoa miwani kabatini. Mimi nikabuni mbinu. Mgonjwa akipanda nikawa namwambia kwa heshima, "Soma mwenyewe, mzee wangu. Mwili ni wako." Anasoma, naandika. Wagonjwa wakaipenda sana, wakaona wanaheshimiwa. Matroni akapita siku moja, akaona, akasema mbele ya watu kwamba huo ndio mfano, mgonjwa ashiriki matibabu yake. Nikapongezwa kwa kutoona kwangu. Hakuna aliyewahi kunipongeza kwa kuona.

Katika waliosoma wenyewe alikuwemo Mzee Kyalo, mchonga miti wa Huruma. Siku zake zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Kisukari na presha ndivyo vilivyomharibia figo, lakini mdomo havikuugusa. Alikuwa akipanda mizani anatangaza kilo zake kama mtu wa mnada. Alichonga miko, vijiko vya kupakulia na twiga wa watalii, na alitutania sote kwa zamu. Mimi alikuwa akinipungia mkono toka mlangoni kila akiingia, na mimi nampungia.

Kisha akaacha. Nampungia, ananipita kama nguzo. Jumanne moja, Ijumaa, Jumanne tena. Mtaani kwetu mtu asiyejibu salamu yako ana neno na wewe, kwa hivyo nikaanza kutafuta kosa langu. Nilipolikosa, nikanuna. Nilimnunia Mzee Kyalo zaidi ya mwezi, na ubaya wa kumnunia mtu ambaye haoni uso wako ni kwamba unachoka peke yako.

Akaniletea zawadi wakati huo huo, mwiko wa ugali. Nikaupokea kwa baridi. Nyumbani Wangeci akaugeuza mara mbili akasema, "Huyu fundi wako siku hizi anakunywa?" Upande mmoja ulikuwa mnene, mwingine mwembamba, na shingo imepinda. Mtu aliyechonga miko miaka yote, mwiko umepinda. Nikasema amezeeka. Tukapikia ugali hivyo hivyo.

Basi ikafika Ijumaa moja. Uzito mkavu wa Mzee Kyalo ulikuwa kilo sitini na mbili. Akavua viatu, akapanda, akatangaza, "Sitini na sita!"

Sista Mueni akainua kichwa. "Sita? Umekunywa mto Athi?"

"Kulikuwa na arusi, Sista. Supu haikataliwi."

Mimi nikaandika sitini na sita kwa mwandiko mzuri. Mashine ikaambiwa itoe nne.

Saa ya tatu ya mashine nilikuwa napangusa meza yake. Akapiga miayo. Nikasema nyumbani hulali mzee, akacheka. Akapiga wa pili, na wa tatu, na kabla sijageuka kuita mtu, mguu ukakakamaa, akapiga kelele moja, na kichwa kikaanguka upande. Sista alifika kabla ya sauti yangu. Kiti kikalazwa, miguu ikainuliwa, mashine ikaambiwa iache kuvuta, akarudishiwa maji ya chumvi kwenye mshipa. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama beseni.

Akarudi polepole. Akafungua macho, akayageuza huku na huku. Ilikuwa karibu saa sita mchana, jua limejaa dirishani mpaka sakafuni.

"Stima zimepotea?" akauliza.

Sista akainua vidole viwili mbele ya uso wake.

"Mzee, vidole vingapi?"

"Vya kutosha, Sista."

"Vingapi?"

Akanyoosha mkono wake ule ulio huru, akavipapasa vidole vyenyewe. "Viwili," akasema.

Alipotulia na mwanga ukamrudia, ule kidogo aliokuwa nao, tulimsimamisha kwenye mizani tukimshika pande zote. Safari hii Sista aliinama akasoma mwenyewe. "Sitini kamili. Hata yale maji tuliyomrudishia yamo humo." Akachukua kitabu. "Sitini na sita ilisomwa na nani?"

"Mimi," akasema Mzee Kyalo.

"Kwa macho gani?"

Mzee Kyalo akatafuta viatu vyake kwa mguu.

Sista akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi niliandika."

"Sikuuliza kama uliandika. Uliona?"

"Miwani iko nyumbani, Sista."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa kabati. Na vikombe."

Sista Mueni hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Kipofu anamsomea kipofu," akasema, "na mimi naamini naweka mashine."

Mzee Kyalo ndiye aliyeeleza mengine. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika zamani: kwanza aliona nyuzi nyeusi zinaelea kama masizi ya jikoni, halafu pazia. La kulia likaanza kufifia nyuma yake. Mizani hakuwa akiiona kabisa. Kilo alikuwa akizipima kwa viatu. Akitembea vikimbana kidogo, anaongeza moja juu ya uzito wake mkavu. Vikimbana sana, anaongeza tatu au nne. Na mbinu hiyo, msinicheke, ilikuwa imekaribia ukweli kwa miezi. Ila wiki hiyo mwanawe, Mutua, alikuwa amemnunulia viatu vipya.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nikisema, Mutua atanirudisha nyumbani Kitui. Ameshasema: baba, ukishindwa kuona, Huruma si mahali pako. Na yeye hajakosea. Lakini kule kwetu, mpaka niifikie mashine ni safari ya kutwa, mara mbili kwa wiki. Nitaiweza safari hiyo mara ngapi, Baba Shiru? Wewe ndiye unayeandika, piga hesabu." Akapapasa shati lake. "Jicho likibaki, nabaki. Likienda, naenda nalo."

Kliniki ya macho ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa kuanikia shuka. Miaka yangu ya kufua nilianika nguo nikiutazama mlango wake. Kutoka kwenye mashine zetu hadi pale ni hatua ambazo hata mimi mvivu siwezi kuziita safari, na hakuna mgonjwa wetu aliyekuwa akipelekwa pale mpaka aombe. Jumatatu iliyofuata nilimshika Mzee Kyalo mkono nikamvusha, miwani ikiwa usoni mwangu. Kijana mmoja akaniita Guka. Nikaitika.

Daktari alikuwa binti mdogo mtulivu. Akamtia matone ya kupanua mboni, akamulika ndani kwa muda mrefu. Kisha akatueleza kwa lugha ambayo hata mimi wa kidato cha nne niliielewa. Figo, akasema, imejaa mishipa myembamba sana ya damu. Nyuma ya jicho pia ni mishipa myembamba. Sukari na presha zikiharibu ile ya figo, msidhani zimeiacha ya jicho. "Mwizi ni mmoja," akasema, "na nyumba zote mbili ana funguo." Jicho la kushoto lilikuwa limevuja damu likafanya kovu, hilo tumechelewa. La kulia lilikuwa linavuja sasa. Lingechomwa kwa miale maalumu na kudungwa sindano, tena si mara moja.

"Sindano mkononi?" nikauliza.

"Kwenye jicho."

Nilitazama huku na huku. Kliniki ya macho haina mapipa yenye mfuniko.

Kabla hatujatoka nilimwacha mzee kwenye benchi nikarudi ndani. Nikamweleza daktari habari ya Ijumaa, ya sitini na sita. Nikamuuliza kama siku ile nilimpunguzia lile jicho lililobaki.

Alifikiri kabla ya kujibu, nikamheshimu kwa hilo. "Presha ikishuka sana, jicho nalo linakosa damu. Linaweza kuumia. Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana."

Ninalo jibu hilo mpaka leo. Sikupewa barua ya onyo iliyonikaa kama hilo, na barua nilipewa pia.

Mambo yakabadilika kitengoni, na haya ndiyo nataka myashike. Kilo zikaanza kusomwa na watu wawili wenye macho, kila mmoja kwa sauti. Sista akapigania mpaka kila mgonjwa wetu akapelekwa ng'ambo ya uwanja kuangaliwa nyuma ya jicho, hata yule anayesema anaona mpaka vilima vya Ngong. Maana daktari alituambia jicho linaweza kuwa linavuja na mwenyewe bado anasoma gazeti. Na mwanzo wa kila mwezi mimi niliwafunika jicho moja, halafu jingine, wanisomee kalenda ya duka la nyama iliyokuwa ukutani. Jicho zuri huwa linamfichia mwenzake aibu. Ukifunika moja ndipo unajua. Kwa kalenda ile tulimkamata dereva mmoja mwenye mtoto wa jicho na mama mmoja aliyekuwa akiona mistari iliyonyooka imepinda. Kalenda haikuwa kipimo cha daktari, na sikumwambia mtu kwamba ni kipimo. Ilikuwa sababu ya kuuliza.

Mzee Kyalo alichomwa, akadungwa, akarudi tena akadungwa. Mutua, fundi wa magari wa Makadara, mtu wa maneno machache, alikuja mara ya kwanza na mfuko wa nguo za baba yake umefungwa tayari. Sista akamwomba miezi michache, jicho lijibu. Akakubali, lakini mfuko hakuufungua. Alituambia uko nyuma ya mlango.

Siku aliyorudi kuuliza majibu ilikuwa mwanzo wa Januari. Alisimama pale kando ya mizani, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu asiyoitaka upande wowote. Nikamsimamisha mzee mahali pa kila siku, nikafunika jicho la kushoto, bure tu, maana lilikuwa limekufa, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Soma, mzee wangu."

Akanyoosha shingo. Nilisikia mashine zote. Nikaona Mutua ametazama sakafu, nami nikawa natafuta maneno ya kuwaambia.

"Baba Shiru," akasema Mzee Kyalo, "hii kalenda ni ya mwaka jana."

Sote tukageuka. Sista, mimi na miwani yangu, Mutua, wagonjwa vitini. Ilikuwa Desemba pale ukutani, ya mwaka uliokwisha, na tulikuwa tumeipita karibu wiki nzima. Mutua alicheka mpaka akashika mizani, mshale ukaruka. Kisha akapangusa uso kwa kiganja chenye mafuta ya gari, akasema, "Sawa, baba. Nitafungua mfuko."

Jicho lile halikuwa zima, msije mkasema nimeandika muujiza. Liliona mlango, uso, tarakimu kubwa. Twiga aliacha, miguu yao ilimshinda. Miko aliendelea, anachonga kwa vidole na jicho linasimamia tu. Na kila Jumanne na Ijumaa, mpaka wiki niliyostaafu, alikuwa akisimama mlangoni, ananitafuta kwanza, ananipungia mkono, anauliza kwa sauti ya mnada kitengo kizima kisikie: "Umekuja na macho?" Naye ndiye wa mwisho niliyemsomea kilo. Sista alisoma pamoja nami.

Sasa niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ya pipa. Haya nimeyaandika kwenye meza ya jikoni, na ule mwiko uliopinda unaninginia mbele yangu. Wangeci alitaka kuutupa nikakataa. Jana nilimsomea jirani yetu Mama Njoki kurasa hizi pale kwenye uzio akianika nguo. Anajua kwamba nameza dawa za presha mwaka wa tisa huu, kwa sababu huniletea kutoka dukani nisipotaka kutoka. Nilisoma mpaka mwisho, nikangoja anisifu. Akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akanitazama miwani.

"Baba Shiru, hiyo miwani ulinunua kando ya barabara kama njugu, presha unayo, na huyo daktari wako hajawahi kukumulika hata siku moja. Wacha kuandika, vaa viatu uende."